Dira ya Baba na dira ya msala: kisa cha familia moja iliyosaka visanduku Dartmoor

Watu na mahali

Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya wenyewe. Majina sikuyaweka, mwaka sikuutaja, na kilima nimekificha kwa sababu ya ziada: katika mchezo huu wa kusaka visanduku vilivyofichwa, anayetangaza kisanduku kilipo ni sawa na anayetoa jibu la kitendawili kabla wenzake hawajasema "tega".

Familia ni ya watu watano. Baba na Mama walizaliwa Tanga na sasa wanaishi kusini-magharibi mwa Uingereza. Binti ana miaka 11, na mdogo wake wa kiume, nitakayemwita Mdogo, ana miaka 8. Bibi, mama mzazi wa Baba, ana miaka 67 na alikuwa amekuja kuwatembelea kwa miezi mitatu. Mimi hujitolea kuongoza matembezi ya familia katika nyika ya Dartmoor, na kisa nilikisikia jikoni kwao wiki chache baadaye, ramani ikiwa mezani. Kila mmoja nilimsikiliza peke yake. Bibi nilimpata kwa simu, alikuwa ameshajirudia Tanga. Masimulizi yao yalipishana kidogo, hasa juu ya nani alisema nini kwanza. Hapo nimefuata maneno ya Binti, kwa kuwa yeye aliandika saa na maneno kwenye daftari lake siku ileile.

Mchezo wenyewe

Dartmoor ni nyika ya juu huko Devon, kilomita za mraba 954, hifadhi ya taifa tangu 1951. Miti ni michache. Vilima vyake vimebeba vichwa vya mawe ya itale ambavyo wenyeji huviita tor. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ndani kabisa ya vinamasi vya kaskazini, ili waliofika waache kadi zao. Baadaye watu wakaanza kuacha postikadi na barua zenye anwani. Mgeni anayefuata anazichukua na kuzitia posta. Ndiyo asili ya kuviita visanduku vya barua.

Siku hizi barua zimebaki kwenye jina tu. Kisanduku mara nyingi ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, limesukumwa chini ya jiwe, na ndani mna muhuri wa mpira na daftari dogo. Msakaji huja na muhuri wake, pedi ya wino na daftari lake. Akikipata, hupiga muhuri wake kwenye daftari la kisanduku na muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, kisha hurudisha kila kitu kama alivyokikuta. Zawadi hakuna. Kuna klabu ya waliofikisha visanduku 100 Dartmoor, na namba hiyo ilimkaa Baba kichwani tangu siku ya kwanza.

Marekani mchezo ulisambaa baada ya makala ya jarida la Smithsonian mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2000 ukapata ndugu yake wa satelaiti, ambaye humpa msakaji namba na kumwachia simu imwongoze. Wenye visanduku wengi bado wanapenda dokezo la maneno na dira. Huambiwa, kwa mfano, kwamba ukisimama penye kisanduku mnara wa kanisa uko nyuzi kadhaa za dira, kona ya ukuta nyuzi kadhaa, halafu hatua 14 kutoka jiwe lenye ufa. Maana yake ni kwamba dira ikidanganya, huna mchezo tena. Una matembezi tu, na huenda hujui unatembea kwenda wapi.

Maandalizi

Baba alijiandaa vizuri kuliko familia nyingi ninazoziona. Alihudhuria mafunzo ya siku moja ya kusoma ramani, akanunua ramani ya karatasi na dira nzuri, akahakikisha kwamba eneo alilochagua haliko kwenye viwanja vya jeshi. Sehemu ya Dartmoor hutumiwa kulengea shabaha. Mipaka imewekewa nguzo za rangi nyekundu na nyeupe, na siku za risasi hupandishwa bendera nyekundu. Ratiba hutangazwa mapema, naye aliisoma.

Kisha akaandika orodha ya visanduku sita kwa siku moja. Mama alimuuliza kama anampeleka mama yake matembezini au jeshini. Wakakubaliana visanduku vitatu.

Masharti mengine aliyaweka Mama. Saa nane kamili wanageuza, wamepata au hawajapata, kwa sababu ilikuwa mwisho wa Oktoba, saa zimesharudishwa nyuma, na jua lilizama kabla ya saa kumi na moja. Simu moja ingezimwa kabisa na kufungwa ndani ya soksi ya sufu, maana baridi hula betri. Kila mtoto avae filimbi shingoni. Suruali ziingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya kupe.

Muhuri wa familia ulitengenezwa na wanawake watatu. Bibi alichora mnazi na neno TANGA, Binti akanakili mchoro kwenye kifutio kikubwa, Mama akachonga kwa kisu chembamba. Walipopiga wino mara ya kwanza lilitoka AGNAT, herufi mbili zikiangalia nyuma. Kila anayechonga muhuri mara ya kwanza husahau kwamba muhuri ni kioo. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, akakataa wasichonge mwingine.

Kosa lenyewe lilikuwa limeshafanyika wakati huo, na hakuna aliyeliona. Tangu aliponunua dira, kama wiki mbili hivi, Baba aliiweka mfuko mmoja wa koti na simu yake, na mkoba wa simu ile hufungwa kwa sumaku.

Asubuhi: kisanduku cha kwanza

Waliegesha gari saa tatu u nusu. Dokezo la kwanza halikuhitaji dira: fuata ukuta wa mawe mpaka mti wa miiba uliolala kwa upepo, kisha tazama chini ya jiwe la tatu upande usio na upepo. Binti alisoma, Bibi akahesabu mawe. Mdogo alianza kupindua kila jiwe aliloliona, Mama akamzuia. Mawe yale mengine ni mabaki ya makazi ya maelfu ya miaka, na kanuni ya mchezo hairuhusu kuyagusa. Akaambiwa atumie macho na mkono mmoja tu. Alikipata yeye, saa nne na dakika arobaini.

Walikaa pale karibu nusu saa. Bibi alitaka kusomewa daftari lote la kisanduku, nani alipita lini na aliandika nini. Baba aliangalia saa mara nne. Binti ameandika hivyo.

Adhuhuri penye tor

Walifika kwenye tor saa sita na robo, wakakaa upande uliokingwa upepo, wakala chapati na mayai. Jua lilionekana kwa mbali nyuma ya wingu jembamba.

Bibi akatandika msala. Ni msala wa safari, wenye dira ndogo ya plastiki iliyoshonewa kwenye kona. Nyumbani Tanga hahitaji dira, kibla iko karibu kaskazini kamili na anaijua tangu utoto. Huku mwanawe alimwelekeza siku ya kwanza kwamba kibla iko kusini-mashariki, naye tangu hapo huanza kwa kutafuta kaskazini kwenye ile dira ndogo, kisha hugeuka.

Alipoitazama akamuuliza mwanawe, "Baba, kaskazini ni wapi?" Baba akatoa dira yake, akanyoosha mkono. Alielekeza nyuma ya Bibi, kinyume kabisa na sindano ya msala.

Mazungumzo yaliyofuata nimeyapata kwa watu wanne, na yanalingana:

"Hii yangu inasema huku."

"Mama, hiyo ya msala ni pambo tu. Hii ni ya kazi."

"Pambo hili jana sebuleni lilisema kweli."

Baba alitabasamu akaanza kukunja ramani. Bibi akaswali kwa dira yake mwenyewe.

Mama aliona. Aliniambia bila kuzungusha maneno: "Niliona zinapingana. Lakini ningesemaje? Nimuunge mkono mama mkwe dhidi ya mume wangu, mbele ya watoto, juu ya kitu alichokisomea?" Akaosha vikombe.

Ukungu

Dokezo la pili lilisema waondoke kwenye tor kwa nyuzi 20, yaani kaskazini na kuelekea mashariki kidogo, kama mita 600 kushuka hadi kijito. Waliondoka saa saba kasoro dakika kumi. Dakika kumi baadaye ukungu ukashuka, wakawa hawaoni zaidi ya hatua hamsini. Bibi alisema ni kama wa Lushoto, na kwamba Lushoto ukishuka hivi mtu hukaa alipo. Baba akamjibu kwamba ndiyo maana wana dira.

Sindano ilikuwa imegeuzwa na sumaku. Ncha nyekundu ilionyesha kusini. Kwa hiyo Baba, akifuata mafunzo yake kwa uangalifu mkubwa, aliwaongoza nyuzi 200, wakikipa kijito mgongo.

Mwenye kugundua kwanza alikuwa Mdogo, ingawa hakujua amegundua nini. "Baba, mbona tunapanda? Ulisema tunashuka kwenye maji." Ilikuwa saa saba na robo. Baba akasema ardhi ya huku huinuka na kushuka, waende dakika kumi zaidi. Baada ya hapo wakaingia kwenye tope la mboji, na raba ya kushoto ya Bibi ikazama mpaka kifundoni ikabaki humo. Mama akaichimba kwa mikono.

Uamuzi wa kusimama

Mama akasimama na raba mkononi akasema, "Hatuendi tena." Ilikuwa saa saba na nusu. Saa ya kugeuza waliyokubaliana ilikuwa bado nusu saa, na Baba alilitaja hilo. Mama akajibu kwamba saa nane ni ya mwisho, hakusema ni ya lazima.

Walichofanya kuanzia hapo ndicho ninachowafundisha wengine. Waliketi juu ya mikoba, wakavaa makoti yote, watoto wakapewa tende. Ndipo Mama akasema aliloliacha kwenye tor: dira mbili zilipingana. Bibi akatoa msala. Waliweka dira moja juu ya jiwe, nyingine hatua tano mbali nayo, simu zote zikiwa kwa Binti aliyesimama pembeni. Ncha ziliangalia pande mbili tofauti, mstari mmoja.

Lakini ipi ni mbovu? Dira mbili zikipingana hazisemi nani mwongo. Baba alitaka kuamini yake. Binti akauliza jua lilikuwa wapi walipokula. Wakakumbuka: lilikuwa usoni mwao, chini kabisa, na vivuli vya tor vilianguka nyuma yao. Uingereza jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Baba alikiri kwamba hilo alilisoma lakini halijamwingia mwilini. Aliyekulia Tanga amezoea jua la saa sita kuwa utosini, halimwambii njia. Penye tor, aliposema kaskazini, alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye jua.

Kwa uhakika wa tatu wakawasha simu ya kwenye soksi. Ilikuwa na programu ya kutoa namba za gridi, yaani namba za mahali ulipo kwenye ramani, bila mtandao. Walizisoma, wakazitafuta kwenye ramani ya karatasi, wakajikuta kusini mwa tor. Simu ikazimwa tena.

Palibaki uamuzi mmoja: waende kijitoni upya, au warudi? Binti alitaka kijito. Baba, kwa sifa yake, ndiye aliyesema hapana. Walifuata nyayo zao wenyewe kwenye matope kwa dira ya msala, Bibi akiwa mbele ameushika msala kama sinia, wakaiona tor saa nane na dakika kumi, kisha ukuta, kisha gari saa tisa na dakika arobaini. Hakuna aliyeumia. Waokoaji hawakuitwa.

Matokeo

Jioni Binti hakula. Alikuwa ameahidiwa visanduku vitatu. Mdogo alisema ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yake, hasa sehemu ya raba. Baba alinyamaza siku mbili, kisha akampigia magoti mama yake, jambo ambalo Bibi alinisimulia mara tatu katika simu moja.

Aprili walirudi wanne, bila Bibi, hali ya hewa safi. Kisanduku cha pili kilikuwa mita chache juu ya kijito, chini ya jiwe lenye umbo la nundu. Safari hiyo ramani aliishika Binti. Wakapiga AGNAT kwenye daftari, na Bibi akatumiwa picha.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia sumaku. Ni kweli, sumaku ndiyo chanzo, na dawa yake ni nyepesi: dira ikae mfuko wake, mbali na simu, spika na mikoba yenye sumaku, na kabla ya kuondoka ilinganishwe na kitu unachokijua. Barabara iliyo mbele yako inaelekea wapi kwenye ramani? Sindano inakubali? Ni kazi ya dakika moja kwenye maegesho. Baba hakuifanya kwa sababu kisanduku cha kwanza hakikuhitaji dira, kwa hiyo alifika katikati ya nyika bila kuijaribu hata mara moja.

Mimi naona kosa kubwa lilikuwa pale penye tor, saa sita na robo, jua likionekana na muda upo. Familia ilikuwa na habari zote zilizohitajika: dira ya pili, jua, vivuli, na mtu aliyesema waziwazi kwamba kuna mgongano. Habari ile ilipotea njiani. Bibi alisema kama swali la ibada, Baba akalisikia kama swali la ibada. Mama alinyamaza kwa heshima. Silaumu heshima yao. Ndiyo iliyowafanya wamchukue mzee wa miaka 67 nyikani na wamsubiri kila hatua. Lakini kama kazi zingegawanywa mapema, mmoja wa ramani na mwingine wa kuhakiki, Mama angesema bila kuonekana anachagua upande. Tangu hapo, kwenye matembezi yangu huteua mhakiki. Kazi yake ni kubisha, na hapaswi kuwa mwenye ramani.

Orodha ya sita, hata ilipopunguzwa kuwa tatu, ilifanya madhara. Baba alinieleza kwamba pale Mdogo aliposema wanapanda, alisikia, akaelewa, akahesabu muda. Dakika zile kumi za ziada zilitoka kwenye orodha. Kwa siku ya kwanza na familia mimi huweka kisanduku kimoja. Wakikipata mapema, mchana uliobaki ni wao.

Yaliyofaa ni mengi kuliko wanavyodhani wenyewe. Simu ya akiba ilikuwa na chaji kwa sababu ilizimwa. Saa ya kugeuza ilikuwepo, na Mama alikuwa na ujasiri wa kusimama kabla yake. Walikaa kwanza, wakala, wakavaa, ndipo wakafikiri. Wengi hufikiri huku wakitembea, na ukungu hula watu wa namna hiyo. Dira zililinganishwa zikiwa mbalimbali, maana zikikaribiana huvutana. Na waliacha kijito, ingawa sasa walijua kilipo.

Kuna jambo moja tulibishana na Baba. Anasema angekuwa na simu mkononi tangu mwanzo yasingetokea yote haya. Sawa. Lakini watoto wasingetazama jua, na Binti asingeuliza vivuli vilianguka wapi. Hatukumaliza ubishi huo.

Dira yenyewe wanayo bado. Baba amejaribu mara mbili kuigeuza sindano kwa sumaku ya mlango wa friji. Mara ya kwanza ilikubali siku nne. Ipo kwenye droo ya vijiko, na Mdogo ameibandikia karatasi yenye neno KASKAZINI na mshale unaoelekea upande wa ncha nyeupe.